Diski Iliyotolewa Kwenye Kasha la USB Haiwaki? Mchawi ni Pini ya Tatu

Umefungua kasha la diski ya nje, umetoa diski ya inchi 3.5 iliyokuwamo, umeichomeka kwenye kompyuta ya mezani, na kimya. Haizunguki, haitetemi, BIOS (programu ya kwanza kuwaka kwenye kompyuta) haiioni. Ukiirudisha kwenye kasha lake inafanya kazi kama kawaida. Basi usihangaike kubadilisha waya wa data wala kuitupa diski. Diski ni nzima na kompyuta ni nzima, ila hazielewani kwenye pini moja ya umeme.

Tatizo hili limezoeleka zaidi kwenye diski za Western Digital zinazotoka kwenye makasha ya Elements, My Book na Easystore, zile kubwa za TB 8 na kuendelea zenye lebo nyeupe. WD80EMAZ na WD100EMAZ ni mifano inayojulikana sana. Utakutana nalo pia ukinunua diski zilizotumika kwenye seva, kama baadhi ya Ultrastar, ambazo huja na mzigo wa vifaa vya mitumba. Diski za Seagate zinazotolewa kwenye makasha kwa kawaida hazisumbui kwa jambo hili.

Kwa nini inakataa

SATA ndiyo kanuni ya kuunganisha diski ndani ya kompyuta. Kiunganishi chake cha umeme kina pini 15, na hesabu huanzia upande ulio jirani na kiunganishi cha data. Pini 1, 2 na 3 zilitengwa kwa ajili ya volti 3.3. Pini 4, 5 na 6 ni ardhi, yaani njia ya umeme kurudi. Pini 7, 8 na 9 ni volti 5. Pini 10 na 12 ni ardhi tena, na 11 katikati yake ni ya ishara ndogondogo kama taa ya kuonyesha kazi. Pini 13, 14 na 15 ni volti 12. Diski ya inchi 3.5 hula volti 12 kwa mota na volti 5 kwa saketi. Volti 3.3 ilikuwa inafika mlangoni miaka yote na hakuna aliyeifungulia.

Toleo la 3.3 la kanuni za SATA, lililotoka Februari 2016, likaipa pini ya 3 kazi mpya inayoitwa PWDIS (Power Disable), yaani kuzima umeme wa diski. (Namba ya toleo na namba ya volti kufanana ni bahati tu.) Walengwa walikuwa vituo vya data: diski ikiganda, seva inapeleka volti kwenye pini hiyo, diski inazimika kabisa, volti ikiondolewa inawaka upya, na hakuna mtu aliyelazimika kwenda kuichomoa kwenye rafu. Volti yoyote kati ya 2.1 na 3.6 huhesabiwa kuwa ni amri ya kuzima.

Sasa chukua pawa saplai iliyotengenezwa kwa utaratibu wa zamani. Inapeleka volti 3.3 kwenye pini zote tatu za mwanzo, sekunde zote kompyuta ikiwa imewashwa. Diski inasoma hapo kwamba imeamriwa kuzima, inatii, na itaendelea kutii mpaka umeme ukatike. Bodi ndogo ya USB iliyomo ndani ya kasha haipeleki kitu kwenye pini ya 3: inapokea volti 12 kutoka kwenye adapta ya ukutani na kutengeneza volti 5 yenyewe. Ndiyo maana diski ileile inawaka ndani ya kasha na kukataa nje yake.

Kabla ya kufungua kasha

Ipime diski ikiwa bado ndani. Kwenye Linux, amri ya smartctl -d sat -t long ikifuatiwa na jina la diski huanzisha jaribio la kusoma uso wote. Kwa diski ya TB 8 tegemea kama saa 15, pengine zaidi. Kwenye Windows, programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha hali ya jumla, lakini haisomi uso mzima. Diski yenye sekta mbovu (vipande vya uso visivyosomeka) irudishe dukani ikiwa kwenye kasha lake, maana ukishalivunja kasha, mazungumzo ya waranti huwa magumu.

Kama kuna data ndani yake, inakili kwanza kwingine. Hili si onyo la mazoea. Makasha mengi ya My Book husimba data kwenye bodi ya USB hata kama hukuwahi kuweka nenosiri, na ukiitoa diski utakachokiona ni takataka tupu. Kuna pia bodi zinazoionyeshea kompyuta sekta za ukubwa tofauti na ule ambao diski inautumia yenyewe, kwa hiyo jedwali la sehemu za diski halisomeki ukiunganisha moja kwa moja. Windows itakuomba uianzishe diski upya. Ukikubali bila kuwa na nakala, umejifungia nje mwenyewe.

Mtego mwingine uko kwenye diski ndogo za inchi 2.5, zile zisizo na adapta ya ukutani. Nyingi, hasa My Passport na Elements za mfukoni, zina soketi ya USB iliyolehemiwa juu ya bodi ya diski yenyewe. Hakuna SATA ndani. Usizifungue kwa lengo hili.

Hakikisha ni tatizo lenyewe

Dalili ni moja: ukimya kamili. Weka kidole juu ya diski unapowasha kompyuta. Diski nzima yenye umeme hutetema kidogo mota inapoanza, na baada ya sekunde chache unasikia vichwa vikitoka. Kama inazunguka lakini haionekani, tafuta kwenye waya wa data, mlango wa SATA uliozimwa ndani ya BIOS, au diski ambayo haijaandaliwa. Kama inagonga tik-tik-tik, hiyo ni hitilafu ya vichwa au umeme hafifu, na dawa zilizoelezwa hapa hazitaiponya.

Halafu angalia waya za pawa saplai zinazoingia kwenye plagi ya SATA. Zikiwa tano, yaani rangi ya chungwa, nyeusi, nyekundu, nyeusi na njano, ile ya chungwa ndiyo inayobeba volti 3.3. Zikiwa nne bila ya chungwa, pini ya 3 haina kitu na chanzo kiko kwingine. Pawa saplai za kisasa hupenda waya bapa nyeusi tupu, hapo rangi haisaidii, basi hesabu idadi. Ukiwa na multimita (kifaa cha kupimia umeme), pima kati ya tundu la upande wa data na ardhi, kompyuta ikiwa imewashwa na plagi ikiwa haijachomekwa popote. Ukipata 3.3, umepata jibu. Tumia ncha nyembamba na mkono mtulivu, kwani ncha ikigusa matundu mawili kwa pamoja unaweza kusababisha shoti.

NAS nyingi za nyumbani, yaani masanduku ya diski yanayounganishwa kwenye mtandao, hazipeleki volti 3.3 kwenye sehemu za kuchomekea diski, na ndiyo sababu mtu mmoja anakuapia kwamba diski hii haina shida yoyote na mwenzake anaapa kwamba ni mbovu. Wote wawili wanasema kweli.

Dawa ya kwanza: utepe kwenye pini

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye diski moja au mbili. Haikati kitu, inabanduliwa, na gharama yake ni ndogo mno. Unahitaji utepe wa Kapton, ule wa rangi ya dhahabu unaovumilia joto. Fundi simu yeyote anayetumia mashine ya hewa ya moto anao, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, na atakukatia kipande kwa bei ya soda au bure kabisa. Pamoja nao chukua kisu chenye makali mapya, kibano chenye ncha nyembamba, na pamba yenye spiriti ya kusafishia.

Sababu ya kung'ang'ania Kapton ni unene. Hauzidi milimita 0.1, na gundi yake haiyeyuki diski inapopata joto. Tepu nyeusi ya umeme ni nene zaidi. Ukiisukuma ndani ya plagi inakunjana, inasukuma chuma za plagi kando, na baada ya wiki kadhaa gundi inatambaa hadi kwenye pini za volti 5. Solatepu ya ofisini itakusaidia kujaribu usiku mmoja, lakini usiiache humo. Kuna wanaopaka rangi ya kucha. Ikikauka vizuri inazuia umeme, ila hukwaruzika mara ya kwanza plagi inapoingia, na hakuna namna ya kujua imekwaruzika wapi.

Kosa kubwa hapa ni kufunika upande usio wenyewe, kwa hiyo thibitisha kabla ya kukata. Pini ya 1 ni ile iliyo karibu na kiunganishi kifupi cha data. Kama huamini macho yako, zima umeme, weka multimita kwenye mlio (hali ya kupima kama umeme unapita), ncha moja kwenye skrubu ya mwili wa diski, nyingine ipitishe juu ya pini moja moja. Ukianzia upande wa data, pini tatu za kwanza hazitatoa mlio wa ardhi, kisha tatu mfululizo zitalia: hizo ni 4, 5 na 6. Ukianzia upande wa pili, baada ya tatu za kimya utapata moja inayolia, moja kimya, moja inayolia. Mpangilio huo hauwezi kukuchanganya. Ukifunika upande wa volti 12 kwa bahati mbaya hutaunguza kitu, ila mota itakosa umeme na diski itabaki kimya vilevile, nawe utadhani dawa imeshindwa.

Safisha pini kwa spiriti na uache ikauke. Umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya nyingine ni milimita 1.27, kwa hiyo pini tatu zinachukua karibu milimita 3.8. Kata kipande cha upana wa milimita 3.5 hadi 4 na urefu wa kama milimita 15. Bandika utepe juu ya kioo au kigae kwanza, ukate hapo kwa rula, kisha ubandue kwa kibano. Ukikata hewani kwa mkasi kingo zitakuwa na nyuzi, na kingo zenye nyuzi ndizo zinazoanza kubanduka.

Shika kipande kwa kibano, ukilaze kikianzia ukingo wa nje wa pini ya 1 hadi nafasi iliyo kati ya pini ya 3 na ya 4. Kisha kikunje kwenye ncha ya ulimi wa plastiki ili mwisho wake ushike upande wa nyuma. Kule kukunja ndiko kunakoushikilia. Utepe ulioishia juu ya pini bila kukunjwa husukumwa nyuma na plagi na kujikusanya chini kama uchafu. Bonyeza kwa ncha ya kijiti cha meno mpaka mapovu yaishe na uone umbo la pini tatu chini ya utepe.

Kufunika pini ya 3 peke yake kunatosha kimsingi, lakini kipande cha upana wa milimita moja hutereza. Kufunika zote tatu hakukupunguzii chochote, maana 1 na 2 hazitumiki kwenye diski hizi. Utepe ukivuka kidogo na kugusa ya 4 diski bado itawaka, kwani 5 na 6 ni ardhi pia. Hata hivyo ya 4 imetengenezwa iguse kabla ya wenzake plagi inapoingia, ili ardhi itangulie volti, basi rudia kazi uiache wazi.

Chomeka plagi taratibu na moja kwa moja, bila kuitikisa pembeni. Ukisikia kizuizi kisicho cha kawaida, itoe uangalie utepe. Diski ikikaa kwenye droo ya kuchomolewa mara kwa mara, kagua utepe kila unapoitoa.

Dawa ya pili: kuondoa volti 3.3 kwenye waya

Ukiwa na diski nne au zaidi kwenye kompyuta moja, kubandika utepe kila ukibadilisha diski kunachosha. Hapo shughulika na waya. Njia safi ni kununua waya wa kuongeza urefu wa SATA kwa SATA wenye waya nne tu, bila ya chungwa. Uuchunguze dukani kwa macho, usiamini picha ya kwenye tangazo.

Njia ya pili ni kukata waya wa chungwa wenyewe. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki uishe. Kata kwenye waya wa SATA pekee, kati ya pawa saplai na plagi ya kwanza, na plagi zote zinazofuata kwenye mnyororo huo zitakosa volti 3.3 kwa pamoja. Funika ncha zote mbili kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na uzitenganishe zisikutane. SSD za inchi 2.5 na diski za kawaida hazitadhurika, kwa sababu zinatumia volti 5 na 12. Usiguse waya za chungwa zinazokwenda kwenye plagi kubwa ya pini 24 ya mazabodi, maana hizo zinahitajika.

Kukata kunaua waranti ya pawa saplai. Kama waya wako ni wa kuchomoa kwenye pawa saplai, kata ule wa ziada uliokuja kwenye boksi na uuache mmoja mzima.

Kuhusu waya za kuchomoa, kuna jambo moja linaloua diski nyingi kuliko PWDIS yenyewe: kuazima waya wa pawa saplai nyingine. Upande wa diski ni wa kanuni moja duniani kote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga atakavyo, na wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja hazifanani. Plagi itaingia vizuri kabisa, kisha volti 12 itafika mahali pa volti 5, na bodi ya diski itaungua kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Waya usioujua ulikotoka, upime tundu kwa tundu au uuache.

Adapta ya Molex: inafanya kazi, ila ichague kwa jicho kali

Plagi ya zamani ya Molex ina pini nne: njano ya volti 12, nyeusi mbili za ardhi, nyekundu ya volti 5. Haina volti 3.3 kabisa, kwa hiyo adapta ya Molex kwenda SATA inamaliza tatizo papo hapo. Wengi hukimbilia huko kwa sababu adapta inapatikana kila duka. Sisi tunaiweka mwisho.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo plagi ya SATA imemwagiwa plastiki ya moto ikawa pande moja, waya zikizama ndani. Humo waya za volti 12 na 5 zinaweza kuwa zimesogeana wakati wa kumwaga, huwezi kuona, na plastiki ikianza kuungua kidogokidogo inageuka njia ya umeme, mpaka siku moja inashika moto. Imeshayeyusha plagi na kuua diski mara nyingi. Usiinunue kwa bei yoyote. Ya pili ina kifuniko cha nyuma kinachofunguka, na ukichungulia unaona kila waya imebanwa mahali pake. Hiyo ndiyo ya kuchukua kama huna budi.

Hata hiyo, angalia upande wa Molex. Vichuma vyake vya duara hulegea na kurudi nyuma unaposukuma, kimoja kikabaki hakigusi vizuri. Dalili yake ni diski inayowaka, ikafanya kazi dakika kumi, ikapotea unaponakili faili kubwa. Vuta kila waya taratibu uone kama kinabaki mahali pake.

Usigawanye bila hesabu. Pini tatu za kila volti kwenye plagi ya SATA zinabeba ampea 1.5 kila moja, jumla 4.5. Diski ya inchi 3.5 inaweza kuvuta karibu ampea 2 za volti 12 inapoanza kuzunguka. Kigawanyio kinachotoka kwenye plagi moja ya SATA kisilishe zaidi ya diski mbili.

Ikishawaka

Ingia BIOS uone jina na ukubwa, kisha tazama tena SMART (kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea) na ulinganishe na ulichopima kabla ya kufungua kasha. Hesabu ya makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani, ikipanda, hiyo ni waya wa data. Hesabu ya kuwashwa na kuzimwa ikipanda haraka huku kompyuta haijazimwa, umeme unakatika: rudi kwenye utepe au adapta.

Wakati wa kufunga, tambua kwamba diski nyingi kubwa hazina tundu la skrubu la katikati, na matundu ya chini yamehamishwa. Tumia ya pembeni, au utoboe kishikizo cha plastiki cha kesi yako. Bodi ya USB na adapta ya volti 12 usivitupe: siku diski yoyote ya SATA ikikukataa, utaichomeka hapo na kujua kwa dakika moja kama kasoro ni ya diski au ya umeme.